Sungura Wenye Pembe na Saratani Inayozuilika



Maradhi ya saratani, kwa jinsi tulivyozoea kuyasikia yakitajwa majumbani mwetu, yaani kwa sauti ya chini na kwa moyo uliokwisha kukata tamaa, yamehesabiwa tangu zamani kuwa ni maradhi ambayo mwanadamu hana hila nayo ila kuyangoja, na yakisha kuja kuyakabili kwa kisu cha mpasuaji, kwa mionzi, na kwa madawa makali ambayo mara nyingi humtaabisha mgonjwa sawasawa na ugonjwa wenyewe. Nia yangu jioni hii ni kuwaeleza kwamba iko sehemu ya saratani, wala si sehemu ndogo, ambayo haistahili tena kuhesabiwa hivyo, kwa sababu asili yake ni virusi, na kirusi chaweza kuzuiliwa kwa chanjo maadamu chanjo imetangulia. Jambo hili lilidhihirika kwanza katika vizimba vya maabara, miongoni mwa kuku, sungura, panya na kima, miaka mingi kabla ya binti wa kwanza kudungwa sindano ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi. Nitakawia kwa hao sungura kuliko kwa wengine, kwa kuwa ndani ya habari yao mna ufunguo wa habari zote zinazofuata.

Mwaka 1911, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, tabibu mmoja kijana aitwaye Peyton Rous alitangaza kwamba ameutwaa uvimbe wa kuku, akausaga, akauchuja kwa chujio jembamba lisilopitisha seli wala bakteria, na maji yale yaliyochujwa akawadunga kuku wengine wa nasaba ile ile, nao wakaota uvimbe kama ule ule. Wanazuoni wengi wa zama zake hawakuipokea habari hiyo. Wengine walisema uvimbe ule haukuwa saratani ya kweli, na wengine, waliokubali kwamba ni saratani, wakasema kuwa yaliyo ya ndege ni ya ndege, wala hayawahusu wanyama wanyonyeshao. Rous alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 87, na yeyote asomaye tarehe hizo mbili pamoja ataelewa jinsi fikira iliyo sahihi iwezavyo kukaa kizuizini miaka 55.

Aliyeiondoa hoja ile ya pili ni Richard Shope, mzaliwa wa jimbo la Iowa, ambaye naye alikuwa mtumishi wa Taasisi ya Rockefeller, katika tawi lake la Princeton. Wawindaji wa nyanda za kati za Marekani walikuwa na masimulizi ya siku nyingi juu ya sungura wa mwituni wenye pembe, ambao huota vitu vyeusi, vigumu na virefu, usoni, shingoni na pembezoni mwa kinywa. Mtu mwingine angaliyaacha masimulizi hayo yabaki kuwa ngano za kambini. Shope aliagiza aletewe pembe zenyewe, akazisaga, akazichuja, akayapakaza maji yake juu ya ngozi iliyokwaruzwa ya sungura wazima, na baada ya majuma machache pembe zikachipuka pale pale alipopakaza. Mwaka 1933 akatangaza kwamba pembe zile ni chunjua, na kwamba chunjua zile huletwa na kirusi. Kisha, kwa ukarimu ambao si kila mtafiti anao, alimkabidhi Rous kazi ya kuchunguza mwisho wa chunjua hizo, na mwaka 1935 Rous pamoja na mwenziwe Joseph Beard wakaonyesha kwamba zikikaa miezi mingi katika mwili wa sungura wa kufugwa, aghalabu hugeuka saratani kamili, inayopenya, inayoenea, na inayoua.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo naomba mlishike. Shope aliona kwamba sungura aliyekwisha kuota chunjua, ukimkwaruza mahali pengine na kumpakaza kirusi kile kile kwa mara ya pili, mara nyingi hapati chunjua mpya. Mwili wake umekwisha kujijengea kinga, na damu yake imejaa vile viitwavyo kingamwili, ambavyo ukivichanganya na kirusi katika chupa hukifisha nguvu zake kabisa. Lakini chunjua ya kwanza, ile iliyotangulia kinga, haitikisiki: huendelea kukua mbele ya kinga yote hiyo, hugeuka saratani, na sungura hufa akiwa na damu iliyojaa silaha ambazo hazikumfaa kitu. Kama mlinzi awezavyo kumzuia mwizi aliye nje ya ukuta, na asiweze kumtoa yule aliyekwisha kuingia na kufunga mlango kwa ndani, ndivyo ilivyo kingamwili mbele ya kirusi kilichokwisha kujificha ndani ya seli.

Ikiwa ni hivyo, basi shauri ni kuitanguliza kinga. Shope alijaribu kumdunga sungura kirusi ndani ya tumbo, mahali pasipo na ngozi ya kuoteshea chunjua, na akangoja. Sungura hakuota kitu. Na baadaye alipopakazwa kirusi juu ya ngozi iliyokwaruzwa, hakuota kitu tena. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1937. Kwa ibara nyingine, miaka 69 kabla ya kuidhinishwa chanjo ya kwanza ya binadamu dhidi ya virusi vya aila hiyo hiyo, mnyama anyonyeshaye alikuwa amekwisha kukingwa na uvimbe uzaao saratani, kwa sindano iliyotangulia maradhi. Sijui jaribio jingine la zama zile lililokuwa dogo kwa sura na kubwa kwa maana kuliko hilo.

Habari ya panya ni ndefu, nami nitaifupisha. Ludwik Gross, tabibu wa Kipolandi aliyehamia Marekani na kufanya utafiti wake katika hospitali moja ya askari wastaafu katika mtaa wa Bronx, New York, alihangaika miaka mingi kuwaambukiza panya saratani ya damu kwa maji yaliyochujwa, asifanikiwe, mpaka alipowadunga panya waliozaliwa muda wa saa chache tu, na mwaka 1951 akatangaza kwamba amefaulu. Katika kazi hiyo alikuta kirusi cha pili, kinacholeta uvimbe wa tezi za mate, na kirusi hicho ndicho ambacho Sarah Stewart na Bernice Eddy, wanawake wawili waliokuwa wakifanya kazi Bethesda katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walikikuza katika seli za maabara, wakaona kwamba chaweza kuzusha uvimbe wa namna nyingi mno, katika panya na hata katika hamsta, kikapewa jina la polioma. Lakini sharti lilikuwa ni lile lile la Gross: mnyama adungwe akiwa mchanga. Panya mzima akidungwa polioma huambukizwa, hutengeneza kingamwili, na huendelea na maisha yake bila uvimbe.

Kwa nini mchanga afe na mzima apone? Jawabu lilikuja kidogo kidogo kutoka pande mbalimbali. Panya mchanga hajapata kinga iliyokomaa. Lakini ikiwa mama yake aliwahi kuambukizwa kabla ya kuzaa, huwa amempa mwanawe kingamwili zake, na mtoto huyo hukingika, na hii ndiyo sababu polioma, ijapokuwa imeenea miongoni mwa panya wa maghalani na mashambani, haiwaletei uvimbe ila kwa nadra. Tena, panya akiondolewa tezi ya thaimasi, iliyomo kifuani na ambamo askari wakuu wa kinga hufundishwa kazi, hubaki mnyonge mbele ya kirusi hicho hata akiwa amekua. Na jambo la ajabu kupita yote lilionekana mwaka 1961 na pande mbili zisizofanya kazi pamoja: Karl Habel huko Bethesda, na kundi la George Klein katika Taasisi ya Karolinska huko Stockholm, alimokuwamo Hans Olof Sjögren. Waliwachanja panya wazima kwa kirusi cha polioma, kisha wakawapandikizia seli za uvimbe wa polioma, seli ambazo hazikuwa tena zikitoa kirusi chochote. Na panya waliochanjwa wakazikataa seli zile, ilhali wenzao wasiochanjwa wakaziacha zikaota na kuwaua.

Wasikilizaji wangu na wazingatie maana ya jambo hili. Kinga ya Shope ilikuwa ni kinga ya kukizuia kirusi kisiingie. Kinga hii ya pili ilikuwa ni ya kuitambua seli yenyewe iliyokwisha kuharibiwa na kirusi, kwa alama ambayo kirusi huiachia. Wakati huo ilikuwa imekwisha kujulikana, kutokana na kazi ya watafiti Prehn na Main iliyochapishwa mwaka 1957, kwamba uvimbe unaoletwa na kemikali huwa na alama zake mbalimbali, kila uvimbe na alama yake. Kwa hiyo aliyechanjwa kwa mmoja hakingiki na mwingine. Lakini uvimbe wote unaoletwa na kirusi kimoja huwa na alama moja, uwe wa figo au wa tezi, uwe wa panya huyu au wa yule. Hii ndiyo burhani kwamba saratani za virusi zina tofauti na saratani nyingine zote mbele ya chanjo: adui ni mmoja, na sura yake yaweza kufunzwa mapema.

Upo pia muda wa kungoja kati ya kuambukizwa na kuota uvimbe, na watafiti walitaka kujua kama katika muda huo mlango umekwisha kufungwa kabisa. Waliwadunga hamsta wachanga kirusi cha kima kiitwacho SV40, ambacho huwaletea uvimbe baada ya miezi kadha, kisha katika miezi hiyo ya kungoja wakawadunga baadhi yao tena kirusi kile kile, safari hii kwa nia ya kuamsha kinga. Galina Deichman na mwenziwe huko Moscow, na wengine huko Marekani, walitangaza mwaka 1964 kwamba waliodungwa tena walipata uvimbe kwa uchache kuliko wenzao. Uvimbe ukisha kuonekana, sindano hizo hazikusaidia. Basi mlango ulikuwa bado haujafungwa, lakini ulikuwa ukifungwa.

Siwezi kukitaja kirusi hicho cha SV40 nikakiacha hapo, maana ingekuwa ni kuwaficha watu jambo wanalostahili kulijua. Kirusi hicho kilikuwa kikiishi kimya katika figo za kima wa Asia, na figo hizo ndizo zilizotumiwa kukuzia chanjo ya polio. Kwa hiyo sehemu ya chanjo iliyotolewa tangu mwaka 1955 mpaka 1963 ilichanganyika nacho bila mtu kujua. Ni Bernice Eddy yule yule aliyeona kwamba mchujo wa figo za kima huwazushia hamsta uvimbe, na wakubwa wake wa kazi hawakuipokea habari hiyo kwa mikono miwili. Waliochanjwa walifuatiliwa kwa miongo mingi, wala ongezeko la saratani lililo dhahiri halikuonekana miongoni mwao. Na utengenezaji wa chanjo ukabadilishwa. Rai yangu ni kwamba tukio hilo linathibitisha faida ya kumsikiliza mtafiti mwenye habari isiyopendeza, na ya kumpima mnyama kabla ya mtu.

Tuje sasa kwa kuku, na hapa wafugaji wanaonisikiliza watanielewa upesi. Uko ugonjwa ambao tabibu wa mifugo wa Hungaria, József Marek, aliueleza mwaka 1907, na ambao wafugaji wengi wa Tanzania huuita mahepe: kuku hupooza mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, hukonda, na akipasuliwa hukutwa na uvimbe katika ini, wengu, ovari na mishipa ya fahamu. Ufugaji wa maelfu ya kuku katika banda moja ulipoenea Ulaya na Marekani, ugonjwa huo ukawa ni balaa. Mwaka 1967 Churchill na Biggs, katika kituo cha utafiti wa kuku cha Houghton nchini Uingereza, walipata kirusi chake, na mwaka 1969 kituo hicho kikatangaza kwamba kirusi kilichodhoofishwa kwa kukuzwa mara nyingi katika seli za maabara huwakinga vifaranga. Mwaka uliofuata, huko East Lansing katika jimbo la Michigan, ikaonekana kwamba kirusi cha bata mzinga, ndugu wa kile cha kuku, kisichomdhuru kuku hata kidogo, chatosha kufanya kazi hiyo hiyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa chanjo ya kwanza kutumiwa kwa wingi duniani dhidi ya saratani, katika kiumbe cha aina yoyote, na kifaranga cha siku moja unachokinunua kutoka kwa mtotoleshaji aliye mwaminifu huwa kimekwisha kuipata kabla hujakitia bandani. Hudungwa siku ya kwanza kwa sababu kirusi chenyewe kimo katika vumbi la manyoya, nacho humngoja kifaranga mlangoni mwa banda.

Hata hivyo chanjo hiyo ina upungufu wake. Humzuia kuku asiote uvimbe, lakini haimzuii asiambukizwe wala asiambukize wengine, na katika miaka ya kutumiwa kwake virusi vya mahepe vimezidi ukali. Mwaka 2015 Andrew Read, Venugopal Nair na wenzao walionyesha kwa majaribio kwamba virusi vikali mno, ambavyo katika banda la kuku wasiochanjwa vingewaua wenyeji wao upesi na kufa pamoja nao, huweza kudumu na kuenea pale penye kuku waliochanjwa. Wengine wameitumia habari hiyo kuzishutumu chanjo zote. Huko ni kukosa insafu. Kilichofundishwa na kuku ni kwamba ukiweza kupata chanjo inayokizuia kirusi kisiingie kabisa, hiyo ni bora kuliko ile inayouzuia uvimbe peke yake.

Habari ninayoiona kuwa ni yetu kuliko zote ilianzia Kampala. Katika hospitali ya Mulago, mwaka 1957, mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, aliitwa kumtazama mtoto mwanamume aliyevimba taya zote mbili, juu na chini. Haukupita muda akaona mtoto wa pili mwenye hali kama hiyo, akaanza kupekua madaftari ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya uvimbe ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na rafiki zake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000, kupitia Tanganyika na nchi za kusini, wakiuliza katika hospitali moja baada ya nyingine kama watoto wa huko wana uvimbe huo, na katika ramani yao ikadhihirika kwamba uvimbe huandama nchi za chini zenye joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi, nao hukimbia nyanda za juu zenye baridi.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa hotuba katika hospitali ya Middlesex huko London, na miongoni mwa wasikilizaji wake alikuwapo Anthony Epstein, mtu aliyekuwa amezama katika utafiti wa kirusi kile cha kuku cha Rous. Epstein alitoka katika hotuba hiyo akiwa na yakini kwamba uvimbe wa watoto wa Uganda una kirusi ndani yake. Vipande vya uvimbe vikawa vikipelekwa kwa ndege kutoka Kampala, naye akavitazama kwa hadubini ya elektroni karibu miaka 2 asione kitu. Siku moja ya Desemba 1963 ndege ikazuiliwa na ukungu isitue London, ikaelekezwa Manchester, na kipande kilipomfikia jioni maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Lakini kabla ya kuyamwaga aliyatazama, akaona seli hai zikielea, akazikuza, na ndani ya seli hizo mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi ambacho kinaitwa Epstein-Barr mpaka leo. Ni kirusi cha kwanza kupatikana katika saratani ya binadamu, na kilipatikana katika mwili wa mtoto wa Afrika Mashariki.

Tangu mwaka 1972, katika wilaya ya West Nile, Uganda, watoto wapatao 42,000 walitolewa damu ikahifadhiwa, kisha wakafuatiliwa. Guy de-Thé na wenzake walipotangaza matokeo mwaka 1978, ilionekana kwamba watoto waliokuja kupata uvimbe wa Burkitt walikuwa na kingamwili nyingi za kirusi hicho, nyingi kuliko watoto wengine, miezi na hata miaka kabla ya kuugua, na kwamba wingi huo uliwaongezea hatari kiasi cha mara 30. Mnamkumbuka sungura wa Shope? Wingi wa kingamwili baada ya kirusi kukaa ulikuwa ni dalili ya mzigo wa maambukizi, wala haukuwa ngao.

Epstein alipendekeza mwaka 1976 kwamba itafutwe chanjo. Alichagua kima wadogo waitwao tamarini, wenye manyoya meupe kichwani, wenyeji wa misitu ya Colombia, ambao kirusi hicho huwazushia saratani ya tezi kwa upesi. Na kwa kuwa wanyama hao walikuwa wamekwisha kuwa haba mno katika misitu yao, walizalishwa huko huko Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Bristol, wala hapakuwa na ruhusa ya kumpoteza hata mmoja bila sababu. Walichanjwa kwa protini moja ya ganda la kirusi, iliyosafishwa, isiyo na urithi wowote wa kirusi ndani yake. Kisha wakapewa kipimo cha kirusi ambacho kiliwapa uvimbe wenzao wote wasiochanjwa. Waliochanjwa wakasalimika. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1985, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba chanjo dhidi ya uvimbe wa kirusi cha Epstein-Barr ni jambo muhali.

Mpaka leo hakuna chanjo ya namna hiyo iliyoidhinishwa kwa binadamu. Ugumu wa ilimu upo, tena ni wa kweli: watoto wa mwambao wa Ziwa Victoria huambukizwa wakiwa wachanga sana, wengi kabla ya kutimiza miaka 2, kwa hiyo chanjo itakayowafaa itapaswa kuwafikia katika miezi ya kwanza, kingamwili za mama zikingali zinapungua katika damu yao. Protini ile iliyowaokoa tamarini ilipojaribiwa kwa vijana wa Ubelgiji iliwapunguzia homa ya tezi, bali haikuwazuia wasiambukizwe. Lakini ugumu wa ilimu hauelezi ucheleweshaji wote. Laiti uvimbe wa Burkitt ungekuwa umeenea miongoni mwa watoto wa nchi tajiri, naamini miaka iliyopita tangu kima wale wasalimike isingekuwa mingi hivi. Vyuo vyetu vya Makerere, Muhimbili na Nairobi vina haki ya kulidai jambo hili, maana mchango wa kwanza ulitoka kwetu.

Palipofanikiwa ni kwa virusi vya aila moja na kile cha sungura. Harald zur Hausen wa Ujerumani, katika miaka ya 1983 na 1984, alipata katika saratani ya mlango wa kizazi virusi viwili vya papiloma, vya namba 16 na 18, ambavyo ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya saratani hiyo. Virusi hivyo havikubali kukuzwa kwa urahisi katika maabara, kwa hiyo njia ya zamani ya kuvidhoofisha ilikuwa imefungwa. Mwaka 1991 huko Brisbane, Australia, Jian Zhou na Ian Frazer walionyesha kwamba protini ya ganda la kirusi, ikitengenezwa katika seli, hujiunga yenyewe ikawa ganda kamili, tupu, lisilo na kitu ndani. Je, ganda tupu laweza kukinga? Mwaka 1995 mbwa walichanjwa kwa ganda la kirusi cha chunjua za kinywa cha mbwa, nao wakasalimika. Na kilicho bora zaidi, kingamwili zilizotolewa katika damu ya mbwa waliochanjwa, zikatiwa katika mbwa wasiochanjwa, ziliwakinga hao nao. Mwaka huo huo sungura walichanjwa kwa ganda la kirusi kile kile alichokipata Shope katika pembe za sungura wa mwituni, wakakingika na chunjua na saratani yake. Mwaka 2006 chanjo ya binadamu ikaidhinishwa.

Rwanda ilikuwa ya kwanza Afrika kuieneza nchi nzima, mwaka 2011. Tanzania ikafuata mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Na wasichana wa kwetu wameitumikia ilimu hii kwa vitendo: mjini Mwanza wasichana 930 waliingia katika utafiti wa kuonyesha kwamba sindano moja huamsha kinga inayodumu, na katika miji ya Kisumu, Thika na Nairobi wasichana na wanawake vijana 2,275 waliingia katika utafiti mwingine, ambao baada ya miezi 18 ulionyesha kwamba sindano hiyo moja iliwakinga kwa kiasi cha asilimia 97.5 dhidi ya virusi vya namba 16 na 18. Hesabu hiyo ni ya wale ambao mwanzoni hawakuwa na virusi hivyo mwilini. Kwa aliyekwisha kuambukizwa, chanjo haiondoi kilichomo.

Ndiyo maana hudungwa watoto wa kike wa miaka 9 hadi 14, na mzazi anayeuliza kwa mshangao binti mdogo kama huyu ana dhambi gani hata achanjwe, ajue kwamba hakuna anayemtuhumu. Anatangulizwa tu, kama sungura wa Shope na kifaranga cha siku moja. Na yule aliyeambiwa kwamba sindano hii huharibu uzazi, ajue kwamba kinachodungwa ni ganda tupu la protini, na kwamba kinachouharibu mlango wa kizazi ni saratani yenyewe, ambayo mwaka 2022 iliwaua wanawake wapatao 350,000 ulimwenguni, walio wengi wao wakiwa katika nchi kama zetu.

Basi, mzazi mwenye binti wa umri huo, timu ya chanjo ikifika shuleni mruhusu, na kama haikufika mpeleke katika kituo cha afya kilicho karibu. Tanzania siku hizi ni sindano moja, wala hailipiwi. Na mama yake, ambaye chanjo hii imemchelewea, asibaki nyumbani siku hiyo: naye aende akapimwe mlango wa kizazi.